Mbolea ya minyoo pamoja na ya chumvichumvi: tupige hesabu kabla ya kubishana

Mkulima wa Tengeru (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila mvua zikikaribia mabishano ni yaleyale. Huku wanasema mbolea ya chumvichumvi, yaani ya kiwandani, imeua udongo, tuachane nayo, kinyesi cha minyoo kinatosha. Kule wanasema biashara ya minyoo ni kuuziana udongo kwa bei ya sukari. Mimi nalima nyanya, hoho na mahindi huku Arumeru mkoani Arusha, natumia zote mbili, na naona pande zote mbili zinakimbia hesabu.

Tuanze na mfuko. Urea ina naitrojeni (kirutubisho kinachokuza majani) asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. DAP, mbolea ya kupandia, ni 18 kwa 46: mfuko una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati (ndivyo fosforasi inavyohesabiwa kwenye mfuko). Vyote hivyo vinabebeka kwenye bodaboda moja.

Sasa minyoo. Mbolea yao ikiwa nzuri, na ikiwa imekauka, ina naitrojeni asilimia 1 hadi 2 kutegemea walikula nini. Lakini haitoki kitandani (pale minyoo wanapofugiwa) ikiwa kavu, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Tani moja unayoipakia kwenye viroba ni kilo 500 tu za mbolea kavu. Piga asilimia moja na nusu, unapata kilo saba na nusu za naitrojeni. Ili ufikie mfuko mmoja wa urea unatafuta tani tatu, na hata hizo tani tatu sehemu kubwa ya naitrojeni yake imefungwa ndani ya mboji na itatoka kidogokidogo, si wiki ambayo mahindi yamefika magotini na yana njaa.

Kwa hiyo anayekwambia weka kiganja kimoja kila shimo la mahindi kisha sahau mbolea ya kukuzia, ile inayowekwa mmea ukiwa umeshakua, anakutakia ghala tupu.

"Sasa ya nini kuhangaika nayo?" Kwa sababu kazi yake ni nyingine. Udongo wetu wa huku, mwekundu na ule wa majivu ya Mlima Meru, una tabia ya kuikamata fosforasi. Unaweka DAP, muda si mrefu sehemu kubwa imeshikwa na chuma na aluminiamu, na mzizi unapita pembeni yake bila kuambulia kitu. Mboji ikiwepo palepale, asidi zake zinakalia zile nafasi ambazo fosforasi ingenasa. Zaidi ya hapo inashika maji, na inazuia amoniamu (umbo mojawapo la naitrojeni) na potasiamu visisombwe na mvua ya kwanza kubwa. Pesa uliyotoa kwa ajili ya mfuko inabaki shambani kwako badala ya kwenda mtoni.

Na kuna kitaluni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kule Marekani, akina Clive Edwards na wenzake, walijaribu mbolea ya minyoo kwenye udongo wa kuoteshea nyanya, pilipili na maua. Mimea yote ilipewa virutubisho vya kiwandani vya kutosha, hakuna uliolala njaa. Pamoja na hayo, iliyochanganyiwa mbolea ya minyoo kiasi kidogo, kati ya asilimia 10 na 40 ya ujazo, ikakua vizuri zaidi. Ukizidisha, faida inashuka. Mimi naweka ndoo moja ya minyoo kwa ndoo nne za mchanganyiko wangu wa kitalu, basi.

Shambani nafanya hivi kwa nyanya: kizibo kimoja cha soda cha DAP shimoni, kiganja kimoja kilichojaa cha mbolea ya minyoo juu yake, nakoroga na udongo wa shimoni kwa vidole, natia tabaka jembamba la udongo mtupu, ndipo mche unakaa. Ukiruka lile tabaka mzizi unagusa punje za DAP na mche unaungua. Kukuzia natumia CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, inafuata baadaye, kama kawaida.

Karibuni. Wenye hesabu nyingine wazilete.

---

Asili Tupu

Mkuu, umeongea vizuri ila umeshaingia kwenye mtego wa wauza mifuko. Mazao unayahesabu kwa kilo za naitrojeni kana kwamba udongo ni stoo. Udongo una uhai. Babu zetu Machame na Marangu walilima vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani kule Kilimanjaro, miaka na miaka kwa samadi na majani ya mgomba, hakuna urea wala DAP, na ndizi zilikuwa zinavunja migomba kwa uzito. Nyungunyungu wapo kila ukichimba. Leo nenda kwenye shamba la mtu wa chumvichumvi, chimba, uniambie umeona nini.

---

Mkulima wa Tengeru

Asili Tupu, kihamba nakiheshimu, na mke wangu ametokea huko. Lakini angalia kihamba kilikuwa kinakula nini. Ndizi zinaliwa palepale, maganda anapewa ng'ombe, samadi inarudi kwenye mgomba, na majani ya ng'ombe yanakatwa kule tambarare yanapandishwa kwa kichwa. Yaani rutuba ya porini ilikuwa inahamishiwa nyumbani kila siku. Mimi nyanya zangu zinapanda gari zinaenda soko la Kilombero pale Arusha mjini, nyingine Dar. Hazirudi. Tani moja ya mahindi ikitoka shambani inaondoka na naitrojeni kilo 15 hivi kwenye punje peke yake. Utazirudisha kwa nini?

Kuhusu nyungunyungu wa shambani niko upande wako kabisa. Utafiti uliokusanya majaribio mengi, ukachapishwa 2014, ulionesha kuwa uwepo wa nyungunyungu kwenye udongo unaongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 25. Ila soma hadi mwisho: faida hiyo inatokana hasa na wao kuifungua naitrojeni iliyojificha kwenye mabaki ya mimea na mboji, na inafifia udongo ukiwa tayari umejaa naitrojeni. Maana yake usipowaachia mabua na majani hawana cha kukufungulia. Watu wanachoma mabua halafu wanalalamika minyoo imekimbia urea.

---

Muuza Pembejeo

Nimetajwa nikiwa nimekaa kimya dukani kwangu 😂

Mimi nauza mifuko na viroba vya minyoo pia, kwa hiyo sina upande. Ninachokiona kaunta ni hiki: mteja wa minyoo mara nyingi ni mwenye bustani, kitalu au matango ya kwenye banda. Mwenye ekari tano za mahindi akiuliza bei ya kiroba anacheka anaondoka. Na ana haki ya kucheka. Kwa bei za sasa kurutubisha mahindi kwa minyoo ya kununua ni kujitafutia hasara. Labda azalishe mwenyewe.

---

Wa Kikuyu

Hamjambo kutoka Kenya. Niko upande wa Kikuyu, karibu na Kabete, na hapa kuna shamba la majaribio la utafiti wa kilimo, siku hizi liko chini ya KALRO (shirika la utafiti wa kilimo la Kenya), na limeendeshwa tangu 1976. Mahindi na maharagwe, sehemu nyingine zinapewa mbolea ya duka pekee, nyingine samadi, nyingine mabaki ya mahindi, nyingine mchanganyiko, na nyingine hazipewi chochote. Udongo ni ule mwekundu wa kwetu.

Mavuno mazuri kabisa kwa miaka yametoka pale samadi na mbolea ya duka zilipotumika pamoja. Hilo linamuunga mkono ndugu wa Tengeru. Lakini kuna jambo linalonisumbua mimi: kaboni ya udongo, yaani kipimo cha mboji iliyomo, ilizidi kushuka hata kwenye sehemu zilizotunzwa vizuri, ila tu ilishuka polepole kuliko kwingine. Kwa hivyo hata wale wa kuchanganya tusijisifu sana. Ukilima kila msimu unakula akiba, na debe mbili za minyoo hazirudishi akiba ya ekari nzima.

Samadi si sawa na mbolea ya minyoo, najua. Lakini sijaona jaribio la minyoo lililokaa muda kama huo katika nchi zetu, kwa hivyo natumia lililopo.

---

Mkulima wa Tengeru

Wa Kikuyu, ahsante. Huu ndio mchango niliokuwa nautafuta. Na ndiyo maana mbolea ya minyoo siimwagi shamba zima. Ukiisambaza kwenye ekari hutaiona hata kwa darubini. Naweka shimoni, pale mche unapoanzia.

Hesabu ya shimo: nyanya kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 75 zinaingia karibu miche 9,000 kwa ekari. Gramu 100 kwa shimo ni kilo 900, tuseme tani moja. Na kizibo kimoja cha DAP kwa mashimo hayohayo kinamaliza mfuko mmoja. Hiyo tani moja inawezekana kwa mtu mwenye ng'ombe wa ndani, nitaeleza wakiuliza.

---

Kijana wa Morogoro

Naomba ueleze kabisa mkuu, usisubiri. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa na migomba, nataka kuanza. Wengine wanasema nunua minyoo kilo moja, mwezi wa pili unauza mbolea.

---

Mkulima wa Tengeru

Mdogo wangu, aliyekwambia hivyo anauza minyoo.

Ng'ombe wako wa ndani, kama anakula vizuri, anatoa kilo 15 za kinyesi kibichi kwa siku bila shida, wengine zaidi. Kwa mwezi ni kilo 450. Ikishaoza na kupita tumboni mwa minyoo, uzito unapungua zaidi ya nusu. Tuseme unabaki na kilo 150 hadi 200 kwa mwezi. Miezi sita, tani moja. Ndiyo ekari yako ya nyanya hiyo, kwa ng'ombe mmoja.

Tatizo ni walaji. Kilo moja ya minyoo inakula kama nusu kilo kwa siku, hapo mambo yakiwa mazuri. Kilo 15 kila siku zinataka minyoo kilo 30. Wewe umeanza na moja. Wanaongezeka maradufu kila miezi miwili au mitatu ukiwatunza: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Hesabu miezi hapo. Mwaka wa kwanza wewe ni mfugaji wa minyoo, mbolea ni ya kitalu tu. Anayekubali hilo hafi moyo.

Kinyesi kikiwa kibichi usiwape. Kinapanda joto na kinatoa amonia, wanakufa au wanapanda ukutani usiku kutafuta njia. Kilundike pembeni wiki mbili tatu, geuza, mpaka ukitia mkono katikati hausikii moto. Faida ya ziada, ule moto wa mwanzo unaua mbegu za magugu, ambazo minyoo peke yao hawaziui zote. Kinyesi cha kuku kiogope kabisa mpaka kiwe kimeoza sawasawa. Magome ya mgomba yaliyokatwakatwa ndiyo peremende yao. Usitie chumvi, mafuta, nyama, wala maganda mengi ya ndimu na machungwa.

Unyevu: chukua kiganja, kamua. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, wanazama, maana wanapumua kwa ngozi. Isipotoa kitu, ongeza maji. Kivuli ni lazima.

Na kwa Morogoro angalia aina. Minyoo wekundu wa Eisenia fetida wanapenda ubaridi wa nyuzi 15 hadi 25, huku kwetu wako nyumbani. Sehemu za joto watu wanafuga Eudrilus eugeniae, wakubwa kidogo, asili yao Afrika Magharibi, wanavumilia joto zaidi ila baridi hawaitaki. Muulize muuzaji ana wepi kabla hujatoa hela. Akikwambia "minyoo ni minyoo tu," ondoka.

---

Kijana wa Morogoro

Shukrani sana kaka. Na siafu?

---

Mkulima wa Tengeru

Siafu na sisimizi: miguu ya kitanda iwe kwenye makopo ya maji, au weka majivu kuzunguka nje, yasiingie ndani. Kuku wako ni hatari kuliko siafu.

---

Mtaalamu wa Mtaani

Wazo langu: kwa nini tusiweke urea kidogo kwenye kitanda cha minyoo ili mbolea itoke na nguvu? Ukitoa inakuwa tayari mchanganyiko, unaweka shimoni mara moja umemaliza. Au nimekosea?

---

Muuza Pembejeo

😂😂😂 Utafuga makaburi.

---

Bwana Shamba Mstaafu

Mjukuu, usifanye hivyo. Urea kwenye kitanda chenye unyevu inageuka amonia ndani ya siku chache, na amonia ndiyo inayowaua kwanza. Hata DAP, chumvi yake inawavuta maji kutoka mwilini.

Na usichanganye hata kwenye kiroba baada ya kuvuna. Watu wanachanganya urea na mbolea mbichi ya minyoo, wanafunga, wanaweka stoo. Ukifungua baada ya wiki mbili macho yanawasha. Hiyo harufu ni naitrojeni yako inaondoka, umeilipia na inapaa. Kila kitu na siku yake: ya minyoo wakati wa kupanda, ya kukuzia wiki tatu au nne baadaye udongo ukiwa na unyevu. Kama ni urea, ifukie sentimita tano. Nimeona mashamba mengi urea imetupwa juu ya udongo jua linawaka, mwenyewe anasema mbolea ni feki.

Kwa mahindi mimi ningewashauri hivi, kwa mtu mwenye mbolea kidogo ya minyoo. Asiigawe kwenye ekari nzima. Achukue ile sehemu ya shamba iliyochoka, kila mtu anaijua ya kwake, pale mahindi yanapokuwa ya njano kila mwaka hata ukiweka mfuko. Hapo ndipo mboji imekwisha na mfuko haushiki. Amalize sehemu hiyo kwanza, msimu unaofuata ahamie nyingine.

---

Mama Mboga Mwanza

Mimi niko Mwanza, nalima mchicha na figiri. Magugu maji tunayo ziwani hayaishi. Naweza kuwalisha minyoo? Na yale maji yanayotoka chini ya kitanda wanauza kwa chupa, eti ni dawa ya majani.

---

Bwana Shamba Mstaafu

Mama, magugu maji yanafaa. Yakate, yanyaushe juani, yachanganye na samadi, yalundike kwanza kama ndugu alivyoeleza. Yana maji mengi mno, ukiyaweka mabichi unapata uji. Ila yale yanayoota karibu na mitaro ya viwanda au maji machafu ya mji usiyachukue. Mmea huo unafyonza metali nzito, na minyoo hawaziondoi, zitabaki kwenye mbolea na kuishia kwenye mboga.

Maji ya chini ya kitanda ni machujo tu, yana potasiamu na vitu vingine kidogo, lakini yamepita kwenye kinyesi ambacho pengine hakijaiva. Yachanganye na maji mengi, yamwagie kwenye udongo, kwenye shina. Mchicha unaokaribia kuchumwa usiumwagie juu ya majani hata kidogo, na kama mtu anakula kachumbari ya kitu hicho ndiyo kabisa. Suala la kuwa "dawa" tuwaachie wauza chupa.

---

Mama Mboga Mwanza

Ahsante baba. Chupa zangu mbili nazimwagia migomba.

---

Asili Tupu

Nimesoma yote. Bado hamjagusa suala la tindikali. Mashamba ya Nyanda za Juu yaliyopigwa SA (salfeti ya amonia) miaka mingi udongo umekuwa mchachu, mahindi yanakaa mafupi. Hiyo ni mbolea yenu ya chumvichumvi hiyo. Minyoo haina tatizo hilo.

---

Bwana Shamba Mstaafu

Hilo ni kweli, na sitabishana nawe. SA ndiyo inayoongoza kwa kuchachusha, ila urea na DAP nazo zinafanya, kwa sababu amoniamu inapogeuzwa na bakteria kuwa naitreti inaachia tindikali. CAN ni nafuu zaidi kwa kuwa ina chokaa ndani. Mbolea ya minyoo kwa kawaida iko karibu na katikati, haichachushi.

Lakini haiponyi shamba lililokwisha kuchacha. Tani moja kwa ekari haisogezi kipimo cha ekari. Inasaidia pale shimoni kwa sababu mboji inaifunga ile aluminiamu inayochoma mizizi. Shamba lenyewe linataka chokaa. Kapime udongo. Kuna TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Tanga, kuna SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, na wilaya nyingi sasa maafisa ugani wana vipimo. Kwa udongo mchachu pia fikirieni fosfati ya Minjingu badala ya DAP kila msimu. Ule mwamba huyeyuka vizuri zaidi kwenye tindikali na una kalsiamu, tena unachimbwa hapohapo Manyara.

---

Nauliza Tu

Hivi minyoo na wale funza wa nzi chuma (black soldier fly) ni kitu kimoja? Jirani ana mradi wa funza, anasema mbolea yake ni ya minyoo.

---

Muuza Pembejeo

Siyo. Funza wa nzi chuma wanakula taka kwa kasi mno, kazi yao kubwa ni chakula cha kuku na samaki, na masalia yao ni mbolea pia, ila mara nyingi bado ni kali, inataka kuiva kwanza. Jirani yako ana kitu kizuri chenye jina la mtu mwingine.

Hapo niongeze kuhusu mnaonunua. Mbolea ya minyoo iliyoiva ni nyeusi, punjepunje, inanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua. Ikitoa harufu ya mkojo, rudisha. Kuna wanaochanganya na udongo mweusi wa bondeni. Chukua kijiko, tia kwenye glasi ya maji safi, koroga, acha itulie. Mchanga utaona umelala chini tabaka zima. Mbolea ya kweli nayo inaweza kuwa na mchanga kidogo wa kitandani, lakini si nusu glasi. Ukiwa bado na shaka otesha mbegu za mchicha kwenye mchanganyiko wake na nyingine kwenye udongo wa kawaida. Mbegu zikioza au zikitoka na ncha zilizoungua, haijaiva.

---

Wa Kikuyu

Swali kwa wa Tengeru. Nikinunua minyoo wekundu, nikawaachilia shambani moja kwa moja badala ya kuhangaika na vitanda?

---

Mkulima wa Tengeru

Watakufa. Wekundu ni wa juu ya udongo, wanaishi kwenye lundo la samadi na majani yanayooza, hawachimbi. Ukiwatupa kwenye shamba lililolimwa jua linawamaliza. Wale wanaochimba ni wengine, wa asili, wako hapo tayari kama hujawafukuza. Wao unawaita kwa matandazo na kwa kupunguza kugeuza udongo kila msimu. Na wana kazi kubwa: makadirio yaliyochapishwa 2023 yalisema nyungunyungu wanachangia asilimia 6.5 ya nafaka yote duniani, na kwa Afrika kusini mwa Sahara ni kama asilimia 10. Kwetu wanachangia zaidi kwa sababu tunaweka mbolea kidogo, kwa hiyo wao ndio wanabeba mzigo.

---

Asili Tupu

Hapo sasa tunaelewana kidogo. Lakini mimi sikubali maneno ya mtandaoni, nataka kuona kwenye udongo wangu. Nina robo ekari Karatu, nitaijaribu msimu huu. Nifanyeje ili msije mkasema nimependelea upande wangu?

---

Mkulima wa Tengeru

Safi sana. Tenga vipande vinne, mbegu moja, siku moja ya kupanda. Cha kwanza usiweke kitu. Cha pili mfuko peke yake kwa kiwango chako cha kawaida. Cha tatu minyoo peke yake. Cha nne minyoo shimoni pamoja na mfuko, ila kukuzia punguza robo. Kisha rudia vipande hivyo vinne mara ya pili upande mwingine wa shamba kwa mpangilio tofauti, maana robo ekari inaweza kuwa na kona yenye rutuba ya zamani ya zizi ikakudanganya.

Usivune mistari ya pembeni, inaibiana mbolea na jirani. Pima mahindi yakiwa makavu, yaliyopukuchuliwa, kwa mizani, si kwa kuhesabu magunia. Andika na gharama ya kila kipande, pamoja na siku za kibarua, kwa sababu cha nne kinaweza kushinda kwa kilo kikashindwa kwa shilingi.

---

Asili Tupu

Mizani ninayo. Kiroba cha minyoo Karatu ni bei gani, kuna anayejua?

---

Muuza Pembejeo

Njoo inbox, ila anza na mbolea ya ng'ombe wako kwanza.